Rosa Hakufa kwa Ajili Yetu

Kuna maneno nimekutana nayo mara nyingi mno, kwenye uhakiki, kwenye madesa ya wanafunzi, hata kwenye maongezi ya watu wazima wenye shahada zao: kwamba Rosa wa Euphrase Kezilahabi alijitoa mhanga. Kwamba aliteleza, akajuta, na kifo chake kikamsafisha. Wengine wanamlinganisha na wale wanawake wa riwaya za Ulaya waliotengwa na jamii kisha wakafa kwa heshima, na wanalisema hilo kama sifa. Eti Kezilahabi ametupa Marguerite Gautier wetu.

Mimi nakataa, na sikatai kwa upole.

Hebu tuikumbuke hadithi yenyewe, maana wengi tunaisifia Rosa Mistika kwa kumbukumbu za zamani. Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria na Regina, wa Namagondo, Ukerewe. Baba mlevi. Siku anapogundua kwamba kijana anayeitwa Charles amemwandikia binti yake barua, kinachofuata ni kipigo. Tangu hapo Rosa anakatazwa wavulana kama mtoto anavyokatazwa kuchezea kisu. Anafika sekondari Mwanza hajui hata namna ya kuzungumza na mwanamume. Anachojua ni hofu, na hofu ikishaisha hana kingine cha kumwongoza. Yanayofuata kila aliyesoma anayajua: wanaume, mimba zinazotolewa, chuo cha ualimu Morogoro ambako hata mkuu wa chuo yumo. Kisha anarudi nyumbani, anafundisha, anatulia, na Charles yuleyule wa barua anataka kumuoa. Halafu Charles anagundua kwamba Rosa si bikira. Anamwacha. Rosa anajiua.

Sasa niambieni, kwa kifo kile nani alipona? Regina hakupata nafuu yoyote. Wadogo zake Rosa hawakuachiwa kitu zaidi ya kaburi la dada. Charles hakuokolewa kutoka katika hatari yoyote, labda ile ya kuoa mwanamke aliyeishi kabla yake. Mhanga ni lazima awe na mtu anayenufaika. Mama anayeshinda njaa ili watoto wale, huyo amejitoa. Mtu anayeingia kwenye nyumba inayoungua kumtoa mtoto wa jirani, huyo amejitoa. Binti anayejiua kwa sababu mchumba amemkataa hajamtolea mtu kitu. Ameuawa polepole, na pigo la kwanza lilitoka kwa baba yake.

Na Kezilahabi alilijua hilo. Aliiandika riwaya hii akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikatoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda. Wakati mwingine nadhani waliopiga marufuku waliielewa kuliko sisi tunaoisifia. Waliona mkuu wa chuo amechorwa vile alivyo, baba amechorwa vile alivyo, wakaona aibu. Sisi tumepata njia rahisi zaidi ya kukinyamazisha kitabu: tumekigeuza kuwa onyo kwa mabinti. Ukikifungua unakuta mashtaka dhidi ya wazazi na walimu. Ukiuliza darasani ujumbe ni nini, unajibiwa: wasichana waache tamaa.

Lakini wacha nimrudie huyo Marguerite, maana ndiye anayeletwa kama kipimo.

Alexandre Dumas mtoto alitoa riwaya yake mwaka 1848. Marguerite Gautier ni kahaba wa matajiri wa Paris, anapendwa na kijana anayeitwa Armand Duval, anaacha maisha yake ya zamani ili waishi pamoja. Kisha baba yake Armand anakuja, mzee mwenye adabu zake, anamwomba amwache kijana kwa sababu dada yake Armand ana mchumba, na ndoa itavunjika kama kaka anaishi na mwanamke wa aina hiyo. (Mzee Duval angekuwa Mnyakyusa, kikao kile kingeshafika kwenye idadi ya ng'ombe kabla chai haijapoa.) Marguerite anakubali. Anamwacha Armand bila kumwambia sababu, anatukanwa naye hadharani, anakufa kwa kifua kikuu. Ndipo wanaume wote wawili wanagundua kwamba alikuwa na moyo safi. Wanalia. Giuseppe Verdi akaitungia opera mwaka 1853, na dunia imekuwa ikilia tangu hapo.

Kinachoniudhi si machozi. Ni kwamba Marguerite alikuwa na mfano wake halisi. Aliitwa Marie Duplessis, na Dumas mwenyewe aliwahi kuwa mpenzi wake. Waliachana mwaka 1845. Hakuna mzee aliyekuja kumpigia magoti, na yeye hakujitoa kwa ajili ya ndoa ya binti wa watu. Baada ya Dumas aliendelea na maisha yake, hata akafunga ndoa na mwanaume mwenye cheo. Akafa kwa kifua kikuu mwanzoni mwa 1847 akiwa na umri wa miaka 23. Mwaka mmoja na ushei baadaye kitabu kikatoka, na ndani yake mwanamke yule amegeuka sadaka. Yaani sadaka ile ililetwa na mwanaume mwenye kalamu, aliyehitaji kuamini kwamba mwanamke aliyeachana naye alikufa akimpenda.

Ukishaliona hilo, unaanza kuliona kila mahali. Nancy wa Charles Dickens anamwokoa Oliver Twist na kwa sababu hiyo anauawa na Bill Sikes. Fantine wa Victor Hugo anauza nywele, anauza meno ya mbele, anauza mwili, ili mtoto wake Cosette atunzwe, na anakufa bila kumuona tena. Sonya wa Fyodor Dostoevsky haruhusiwi hata kufa. Yeye anapewa muuaji wa kumlea, na anamfuata hadi Siberia. Waandishi hawa ni wakubwa, sibishi, na Hugo alikuwa na hasira ya kweli kwa ajili ya maskini. Lakini angalia mpangilio: ili msomaji mwenye heshima zake akubali kumpenda mwanamke wa namna hii, kwanza lazima aambiwe kwamba hatakutana naye sokoni. Amekufa, au yuko mbali.

Ninayemheshimu katika kundi hilo ni Guy de Maupassant, kwa hadithi fupi tu, Boule de Suif, ya mwaka 1880. Ichukue kama safari ya basi. Watu kumi wamo ndani ya gari la farasi wakikimbia mji uliotekwa na Waprusi: matajiri na wake zao, masista wawili, mwanasiasa mmoja wa maneno mengi, na kahaba. Njaa inawabana. Ni kahaba peke yake aliyebeba chakula, kapu zima lenye kuku, na anawagawia wote, hata waliokuwa wakimnong'ona. Wanafika kwenye nyumba ya wageni, afisa wa Kiprusi anawazuia: hamwondoki mpaka huyu mwanamke alale na mimi. Yeye anakataa, kwa sababu ana uzalendo wake. Basi wenzake wanaanza kumbembeleza. Sista mzee anachangia kwa mafundisho ya dini kwamba tendo baya likifanywa kwa nia njema linasameheka. Mwishoni anakubali kwa ajili yao. Kesho yake gari linaondoka, wote wamefungasha chakula, yeye kwa haraka hakufungasha. Hakuna anayempa hata kipande.

Hapo ndipo sadaka inapoandikwa jinsi ilivyo. Maupassant haulizi kama mwanamke amesafishika. Anaangalia midomo ya wanaotafuna.

Niliwahi kuisimulia hadithi hiyo ndani ya Coaster kati ya Mbeya na Tukuyu kwa mama mmoja niliyekaa naye. Kwa mwisho wake hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu kama yule mwanamke alikuwa na watoto.

Swali lake limenikaa, maana ndilo linalonirudisha kwenye vitabu vyetu vya shule. Kila aliyepita kidato cha tatu na cha nne Tanzania kwa miaka mingi sasa anamjua Sekai wa Takadini, riwaya ya Ben Hanson. Sekai amekaa miaka bila mtoto, anampata Takadini, mtoto ana ualbino, mila inataka asiishi. Anatoroka na mtoto mgongoni, mume anabaki. Anakuwa mgeni katika kijiji cha watu, anasemwa, anavumilia, mtoto anakua. Huyo sasa ndiye mhanga wa kweli: alichagua mwenyewe, alijua anamfanyia nani, na aliyefanyiwa yuko hai. Nampenda Sekai. Sisi wa nyanda hizi za kusini, tulioishi na hofu ya mauaji ya watu wenye ualbino, tuna sababu zaidi ya kumpenda.

Ila jiulize kwa nini Sekai anapendwa na kila mtu na Rosa anabaki onyo. Sekai ni mke wa mtu na ni mama. Mwili wake hauna kesi. Kutengwa kwake kunatokana na mtoto, si na kitanda. Ndiyo maana kwenye madesa, chini ya kile kichwa cha habari ambacho sote tulikikariri, "nafasi ya mwanamke katika jamii", Sekai anakaa kwa raha: mwanamke kama mlezi, mwanamke kama jasiri. Rosa anapelekwa kwenye kile kingine, mwanamke kama chombo cha starehe, na hapo mjadala umefungwa. Binti wa miaka 16 anaandika hivyo kwenye karatasi ya mtihani, anapata alama zake. Hakuna aliyemwambia kwamba chombo hakijitengenezi chenyewe.

Na hapa nitatoka kidogo kwenye vitabu, kwa sababu naandika haya nikiwa Matwebe, na huku jambo hili lina sura.

Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu shule kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili, au kwa kuolewa. Mimba ikahesabiwa kuwa kosa dhidi ya maadili. Mwaka 2017 Rais Magufuli akasema wazi kwamba chini ya utawala wake mwanafunzi aliyejifungua hatarudi shuleni. Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, wakati huo waziri wa elimu, akatangaza kwamba sasa wanaruhusiwa kurudi. Upande wa mwanaume, sheria imeshabadilishwa tangu 2016: anayempa mwanafunzi mimba kifungo ni miaka 30. Kwenye karatasi, basi, tumepiga hatua. Miaka 30 si mchezo.

Lakini hapa kijijini karatasi ina safari ndefu. Jirani yetu ana binti aliyepata mimba akiwa kidato cha tatu. Wazee wa pande mbili walikaa, yakazungumzwa, yakaisha. Na kama mnavyojua, yakishazungumzwa na wazee hakuna shahidi anayepatikana. Mwanaume husika tunasalimiana naye barabarani kila siku. Binti anauza ndizi kwa wanunuzi wanaopakia malori, siku nyingine anachuma chai kwa watu. Nilipouliza kwa nini hajarudi shule wakati inaruhusiwa, sikuambiwa kwamba haiwezekani. Niliambiwa kwamba sasa awalee wadogo zake wasije wakafanya kama yeye. Aseme nao. Awe mfano. Mama yake mdogo aliyasema hayo kwa upendo kabisa, huku akinimiminia maziwa, na mimi nikasema ndaga fijo na kunywa.

Mnaona? Ni kitabu kilekile. Amepewa nafasi ya kujisafisha, na nafasi yenyewe ni kuyatoa maisha yake yawe somo la wengine. Wanaoandika kwamba kifo cha Rosa kina uzuri wake wajue kwamba wanaandika na habari hii pia.

Kuna watakaoniambia kwamba nashambulia Ukristo, maana kujitoa ndiyo kiini cha imani, na Rungwe ni nchi ya Wamoravian tangu 1891. Sawa, tuzungumze Ukristo. Mwanamke aliyefumaniwa, kwenye Yohana sura ya 8, hakuambiwa afe ndipo awe safi. Walioondoka wakiwa wameinamisha vichwa ni wenye mawe. Na sheria ya Musa waliyokuja nayo, ukisoma Walawi 20, inawataka wote wawili, mwanaume na mwanamke. Yule mwanaume alikuwa wapi? Aliletwa mmoja. Makanisa yetu mengi bado yanaleta mmoja: binti anatengwa, anakaa nje ya meza ya Bwana, anarudi kundini kwa kusimama mbele ya watu. Nimeona mabinti wakisimama hivyo. Wanaume waliosimama pamoja nao naweza kuwahesabu kwa mkono huu unaochapa.

Hata neno lenyewe tunalitumia vibaya. Tunasema mhusika "anakombolewa". Kukomboa, kwa Kiswahili cha kawaida cha dukani na shambani, ni kurudisha kitu kilichowekwa rehani. Shamba likiwa rehani, anayelikomboa ni aliyeliweka, kwa fedha zake. Sijawahi kusikia shamba likiambiwa lijikomboe. Rosa aliwekwa rehani na Zakaria. Marguerite aliwekwa rehani na mji mzima wa Paris. Deni likija, tunamgeukia shamba.

Waandishi wetu wengine walishajaribu kutoka kwenye mtego huo, na inashangaza jinsi hatuwasomi kwa jicho hilo. Rehema wa Nyota ya Rehema, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed ya 1976, anakataliwa na baba yake kwa rangi ya ngozi yake, anaishia mjini katika maisha ambayo jamii haiyasemi kwa sauti, kisha anamchagua Sulubu, mkulima fukara, na wanalima. Mwandishi hamtaki atubu. Ugomvi unaobaki ni wa ardhi, nani anarithi na nani ananyang'anywa, yaani ugomvi wa watu wazima. Maimuna wa Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya 1980, anafungiwa ndani na baba, anatoroka, anaporomoka hadi chini kabisa, na anarudi akiwa hai. Kitabu kinamshitaki Maksuudi kuliko kinavyomshitaki yeye. Yasmin wa Adam Shafi katika Vuta N'kuvute, 1999, anaozwa kwa mzee, anakimbia, ndugu wanamkana, na anaingia kwenye mapenzi na siasa kwa miguu yake mwenyewe. Alipofika kwenye filamu ya Amil Shivji mwaka 2021, wapo waliomuona kwa mara ya kwanza. Sisemi hizi ni riwaya bora kuliko Rosa Mistika. Kwa nguvu ya hasira, ya Kezilahabi bado haijapitwa. Ninachosema ni kwamba zipo, na hakuna anayezitaja inapofika wakati wa kuandika kuhusu "ukombozi wa mwanamke aliyetengwa". Tunakimbilia waliokufa.

Kama hata hizo hazitoshi, kuna wanawake ambao hawakutungwa. Mwanahistoria Marcia Wright alitoa mwaka 1993 kitabu cha simulizi za maisha za wanawake wa ukanda huu, kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika na kuendelea, waliopita kwenye utumwa mwishoni mwa karne ya 19. Baadhi zilikuwa zimeandikwa na mmisionari wa Kimoravian, Elise Kootz-Kretschmer, kutoka kwa wasimulizi wenyewe. Wamo akina Narwimba na Chisi. Yumo pia Bwanikwa, ambaye simulizi yake ilichukuliwa na mmisionari mwingine na ambaye aliuzwa na kuhamishwa mikono mara nyingi, hadi mwishowe akajinunua mwenyewe kutoka kwa mume wake. Hakupaswa kulipa senti, lakini alilipa kwa mali, akabaki na maisha. Ukiwasoma wanawake hawa hukuti hata mmoja anayetafuta kufa vizuri. Wanatafuta mume mwenye nguvu kidogo, chifu asiye mkali sana, misheni yenye mlango wazi, mtoto arudi. Wanapatana, wanatoroka, wanapatana tena. Wanazeeka. Riwaya ya namna hiyo, ya mwanamke aliyetengwa anayezeeka huku akibishana bei ya ndizi, bado naisubiri, na isiposomwa Tukuyu na Mbeya sijui itasomewa wapi.

Yule binti wa jirani, kwa taarifa yenu, hakukubali kuwa mfano. Anajiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na jioni mbili tatu kwa wiki anakuja na madaftari, mtoto mgongoni. Anasema, dada, Kiswahili ndicho nitakachokianza. Tulipofika Takadini akanionyesha ile orodha ya nafasi ya mwanamke, ameinakili vizuri kwa wino wa bluu, kisha akauliza nafasi ya mwanaume iko ukurasa gani. Haikuwepo. Tukafungua ukurasa mpya, tukaandika kichwa hicho kwa mkono, tukaanza na Makwati, mume wa Sekai, aliyebaki. Wiki iliyofuata nilimwazima Rosa Mistika yangu. Amenirudishia juzi, na daftari lake. Chini ya Zakaria alikuwa ameandika kurasa mbili na nusu, na Charles alikuwa bado hajamwanza.